Muziki Husikilizwa kwa Kikoa

Wazee wetu wa pwani walikuwa na desturi waliyoiita kikoa, ambayo kwayo watu wa rika moja au wa mtaa mmoja walileta kila mmoja alichojaliwa, huyu mchele, huyu nazi, yule samaki, wakapika chungu kimoja na kukizunguka pamoja, na aliyekuwa mikono mitupu wiki hii hakufukuzwa mkekani, maadamu zamu yake ilikuwa njiani. Niliikumbuka desturi hiyo nilipokuwa nimeketi juu ya ngazi za mawe ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja, usiku mmoja wa mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma kutoka baharini na kulipunguza fukuto la mchana, mimi na rafiki zangu wanne, tukiwasikiliza waimbaji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuyasikia majina yao kabla ya saa ile. Tulikuwa tumehudhuria Sauti za Busara, tamasha la muziki wa Afrika ambalo lilianza kisiwani humo mwaka 2004, na rai ninayotaka kuiweka mbele ya wasomaji leo ilizaliwa juu ya ngazi zile: kwamba muziki wa watu wa kujitegemea, yaani wasiokuwa na kampuni kubwa ya kuwabeba wala redio ya kuwarudia kutwa kucha, hauishi ila kwa kikoa, na kwamba sisi wenye lugha hii, ambao chungu kimepikwa mlangoni petu, tumezoea kunusa mvuke wake kwa mbali na kupita.

Urafiki wetu sisi watano ulitokana na ujirani wa mtaa mmoja wa Temeke, wala haukutokana na kupenda nyimbo zilizo sawa. Mwalimu ni mtu wa dansi la zamani, la magitaa matatu yanayosemezana. Fundi, mshona nguo, huwasha cherehani na redio kwa pamoja asubuhi na kuvizima kwa pamoja jioni, na taarab ya siku hizi ndiyo inayomsaidia kupindia. Karani, aliye mdogo wetu kwa umri, anaujua muziki wa vijana wenziwe, wimbo kwa wimbo. Sista, muuguzi, alikuja kwa sababu tuliazimia kwenda naye, na kwa sababu likizo yake iliangukia siku zile. Hitilafu hizi za ladha nazitaja kwa makusudi, kwani ndizo zilizotufaa zaidi ya kitu kingine chochote tulichokichukua katika mikoba yetu. Tulivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi, tukapokewa Ng'ambo na shangazi yake Karani, ambaye alitutandikia vyumba viwili na kukataa katukatu kusikia habari ya malipo.

“Karibuni wanangu,” alisema, “lakini msiniambie mmevuka bahari kwa ajili ya ngoma tu.”

Tulimjibu kwamba ni kwa ajili ya ngoma tu, akatikisa kichwa, na jioni yake nilimwona amesimama kando ya njia, amejitanda kanga, akiyatazama maandamano ya ufunguzi yakipita. Maandamano hayo hayana kiingilio. Hutangulia beni, ambayo ni hidaya ya pwani yetu wenyewe, kwa kuwa mwanzoni mwa karne ya ishirini watu wa miji yetu waliyatwaa matarumbeta na gwaride la watawala, wakayafanya mchezo wa vyama vyao, vyama kama Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa mavazi na vyeo. Kisha hufuata ngoma, na wanasarakasi, na watoto wasiohesabika. Siku ile njia yote ilijaa wenyeji. Wazee walitoka barazani, wauza maduka walisimama vizingitini, na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alicheza hatua kadhaa za kupendeza kuliko zote nilizoziona. Kisha maandamano yakafika ukingoni mwake, mlango wa ngome ukafunguliwa, na umati ule ukagawanyika kama maji yanayokuta jiwe: baadhi wakaingia, na wengi wakarudi makwao. Sisemi kwamba wenyeji hawaingii. Huingia, na vijana wa Unguja niliowaona mle ndani walikuwa wajuzi wa muziki kupita sisi tuliotoka bara. Tena tiketi ya mwananchi huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mgeni. Hata hivyo nilihuzunika kumwona shangazi akigeuka na kurudi Ng'ambo.

Ngome yenyewe inastahiki maneno machache. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa, na kuta zake zimetumika kwa mambo mengi yasiyofanana: zimehifadhi askari, zimefunga wahalifu, zimekuwa kituo cha reli ndogo iliyokwenda Bububu, na baadaye zikawa mahali pa wanawake kucheza tenisi. Leo zinazuia upepo usiichukue sauti ya mwimbaji. Mtu akiketi mle usiku huziona nyota juu na mabuyu ya taa chini, na hukumbuka kwamba muziki wetu haukupata kujengewa paa, bali ulikuwa wa uani, wa kiwanjani, wa ufukoni.

Wala haukupata kuwa wa mtu mmoja. Tunasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwamba muziki aliorudi nao ulikuwa wa kasri; lakini ulipotoka kasrini mikono iliyoupokea ilikuwa mikono ya marafiki. Mwaka 1905 kundi la vijana wa mjini waliunda chama chao wakakiita Ikhwani Safaa, jina lenye maana ya ndugu wa nia safi, nacho kingaliko hadi leo. Tazameni jina hilo. Hawakujiita mabingwa wala wafalme wa ghani, walijiita ndugu. Na neno lenyewe taarab limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kule kuguswa na kutikiswa moyo kwa sauti nzuri, yaani jina la muziki limechukuliwa kutoka kwa msikilizaji, halikuchukuliwa kutoka kwa chombo wala kwa mwimbaji. Asipokuwapo wa kutikiswa, basi taarab haipo. Ndiyo maana hadhira yetu haikai kimya kama watu walio mahakamani: mtu huinuka, akatembea kwa madaha hadi jukwaani, akamtunza mwimbaji kwa noti aliyoikunja mkononi, na katika kumtunza huwa ameingia ndani ya wimbo.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika aila ya wafinyanzi na kuingia mjini akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Santuri zile zilikuwa neema kubwa, kwa kuwa zilimfikisha mwanamke maskini mahali ambapo miguu yake isingemfikisha. Lakini kila neema ina kodi yake. Tangu siku tulipoweza kuisikia sauti pasipokuwapo mwenye sauti, tulianza polepole kusahau kwamba mwenye sauti hula, hulala, hupanda boti na huuguza watoto. Siku hizi mambo yamezidi, hata katika maonyesho tunayolipia tunamkuta mwimbaji amesimama mbele yetu akifumbua kinywa ilhali sauti yatoka katika mashine, jambo ambalo vijana huliita pleibeki na kuliona la kawaida. Tamasha la Busara limeweka sharti la kuipinga kawaida hiyo: kila apandaye jukwaa hupiga na kuimba papo kwa papo, akikosea tunasikia, akipatia tunasikia. Kwa sharti hilo pekee lingestahili kuungwa mkono na kila mwenye masikio.

Sasa naja kwenye usiku wenyewe. Baada ya swala ya isha, ambayo Fundi na Karani waliiwahi katika msikiti wa jirani, tulikuta jukwaani kikundi kutoka Réunion, kisiwa cha Wafaransa kilicho mbali kusini, upande wa mashariki wa Bukini, yaani Madagaska. Nakiri kwamba njaa ilikuwa imetushika. Harufu ya pweza na mishikaki ya Forodhani ilikuwa ikipanda ukuta na kutuita kwa majina, na Mwalimu alikwisha kusimama, akisema kwamba lugha ya watu wale haijui na dansi lao halina gitaa. Mimi nilikuwa upande wake. Laiti ningalikuwa peke yangu usiku ule, ningalikwenda kula, na makala haya yasingaliandikwa. Aliyetuzuia ni Sista, yule aliyekuja kwa kusindikiza.

“Ngojeni kwanza,” alisema, naye akainama mbele kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa. “Lile si kayamba?”

Lilikuwa kayamba. Mwanamke mmoja alilishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, bapa, pana, mabua yake membamba yamepangwa sambamba na kufungwa, na ndani yake mbegu kavu zikienda upande huu na kurudi upande ule kwa sauti ya mvua juu ya makuti. Sista amezaliwa kaskazini mwa Tanga, karibu na mpaka, mama yake ni Mdigo, na makayamba aliyakuta nyumbani kwao kama alivyovikuta vinu na mbuzi za kukunia nazi. Kando ya mwanamke yule mtu mwingine alikuwa ameikalia ngoma kubwa ya pipa akiipiga kwa viganja, na kiongozi alitoa neno, na wenziwe wakalipokea na kumrudishia, kama wafanyavyo waimbaji wetu katika kila ngoma niijuayo. Muziki ule huitwa maloya, na chombo kile wao hukiita kwa jina karibu lile lile, wameiacha tu irabu ya mwisho; nao hukiunda kwa mabua ya maua ya muwa.

Muwa ndio jawabu la fumbo hili. Kisiwa hicho, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, kililimwa kahawa na kisha miwa kwa mikono ya watumwa, na watumwa hao walichukuliwa Bukini, na Msumbiji, na katika pwani yetu hii. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watu elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Walioondoka hawakuruhusiwa mzigo. Kilichokuwamo vichwani mwao hakikuweza kupekuliwa, na walipofika ugenini, mahali pasipokuwa na matete waliyoyazoea, waliokota mabua ya zao lile lile lililowatesa wakaunda kayamba. Watumwa wa kisiwa kile walipata uhuru wao tarehe 20 Desemba 1848, lakini maloya iliendelea kudharauliwa na kunyamazishwa kwa miaka mingi iliyofuata, hata ikafika siku ambapo UNESCO, mwaka 2009, iliiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nasi tulikuwa tumeketi dakika chache kwa miguu kutoka Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na mvuma wa mabua yale ukatupitia juu ya vichwa ukielekea baharini.

Mwalimu aliketi. Hakuna aliyesema neno hadi wimbo wa tatu, ambapo Sista alitoa simu yake, akampigia mama yake, akamwamkia kwa kupaza sauti na kuiinua simu juu ya kichwa kuelekea jukwaani, mkono wake ukitetemeka kidogo. Wimbo ulipokwisha aliirudisha sikioni.

“Hao ni wa kijiji gani?” mama aliuliza.

“Si wa huko, mama. Ni wa mbali sana, wa kisiwa cha Wafaransa.”

Mama alinyamaza, nasi sote tuliojikusanya kuzunguka simu ile tukanyamaza.

“Basi waulize,” akasema, “bibi zao walitoka wapi.”

Ninapowasikia watu wakisema kwamba mtu aweza kuyasikiliza mambo haya yote nyumbani, katika simu, kwa bei ya bando, nawakumbuka wanne wale na usiku ule. Simu hutuletea tunachokipenda tayari, hutuzungusha ndani ya ladha yetu kama ng'ombe wa kinu, na haina Sista wa kusema ngojeni kwanza. Rafiki ni sikio la pili. Fundi, ambaye siku ya pili alimsikiliza Mgogo mmoja akipiga zeze na kuimba kwa koo lile la Dodoma ambalo marehemu Hukwe Zawose alilitembeza duniani, ndiye aliyetuonyesha kwamba vidole vya mpigaji havigusi mti bali vyabonyeza uzi hewani. Sisi wengine tulikuwa tumemtazama mtu uso, yeye fundi wa uzi akautazama uzi. Karani naye alitufafanulia mashairi ya vijana waliochanganya marimba na mashine, tukagundua kwamba yalikuwa na vina vilivyofungwa barabara. Kila mmoja alileta alichojaliwa, na chungu kikawa kimoja.

Kuna wasemao kwamba tamasha lile ni la wazungu. Nawaheshimu wasemao hivyo, kwa sababu macho yao yameona kitu cha kweli, lakini nawaomba watafakari jinsi jambo linavyokuwa la watu fulani. Tamasha hili halikufanyika mwaka 2016. Waandalizi walikuwa wametangaza mapema kwamba fedha hazikutosha, wafadhili waliotegemewa hawakupatikana, na kwa mwaka mzima jukwaa la Ngome Kongwe likakosa sauti hiyo, mpaka lilipofufuka mwaka 2017. Nilikuwapo Dar es Salaam mwaka ule wa ukimya, na sikumbuki kwamba mtaani kwetu kuna mtu aliyeuliza limekwenda wapi. Kitu kinachotegemea hisani ya balozi na shirika hakiwezi kuitwa chetu kwa sababu tu kinafanyika kwenye ardhi yetu na kina jina la Kiswahili. Kitakuwa chetu siku ambayo kukosekana kwake kutatuuma mfukoni kabla ya kutuuma mdomoni.

Na mfuko tunao. Sisi ni watu tunaochangia harusi kwa kamati, kwa kadi, kwa vikao vya kila Jumapili. Tunachangia kuagwa kwa binti na kufundwa kwake, na hatuoni ajabu mfanyakazi wa mshahara mdogo akitoa fungu zito ili mtoto wa jirani aolewe kwa heshima. Sisemi tuache. Nasema kwamba taifa lenye ustadi huo wa kuchangishana haliwezi kudai kuwa halijui namna ya kumlisha mwimbaji. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliyepanda jukwaa la tamasha hili mara nyingi na kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, hakuanzia mikononi mwa wageni; alibebwa na harusi za majirani na unyago wa mabinti wa Unguja miaka na miaka, kabla ya ndege yoyote kumchukua Ulaya. Majirani ndio waliokuwa kampuni yake.

Wenye tamasha nao wana wajibu wao, na nawaandikia kwa mapenzi. Ningependa kuona habari za kila kikundi, mahali kilipotoka na maana ya nyimbo zake, zikienezwa kwa Kiswahili kizuri kwa upana ule ule zinaoenezwa kwa lugha ya wageni. Ningependa habari hizo zifike Makunduchi, Nungwi, Tanga na Bagamoyo majuma mengi kabla ya siku yenyewe, kwa vinywa vya watu wanaojulikana huko. Na ningependa iwepo tiketi ya kundi, ya watu watano au kumi wanaokuja pamoja, iwe nafuu kuliko ya mmoja mmoja, ili mtu awe na sababu ya kumgongea jirani yake mlango.

Katika kurudi, bahari ilikuwa imechafuka kidogo, na Fundi, ambaye alikuwa hajapata kuvuka maji kabla ya safari ile, alishika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akahesabu vidole. Alikuwa akipiga hesabu ya mwaka unaofuata. Tulikubaliana kabla ya kuiona minara ya Dar es Salaam: shilingi elfu tano kila mtu kila wiki, daftari akae nalo Sista kwa kuwa ndiye mwaminifu kupita sote, na atakayepungukiwa wiki moja asifukuzwe. Jina la sita katika daftari hilo ni la shangazi wa Ng'ambo. Hatujamwambia bado. Mchango wake tumeugawa watano, na tiketi tutamkabidhi mkononi siku ya maandamano, hapo hapo kando ya njia alipokuwa amesimama.